Nati, riveti na vifaa vya kujitengenezea: nilichojifunza kwenye Land Rover za zamani hapa Arusha

Nikiletewa Land Rover ya zamani kitu cha kwanza naangalia sio injini wala rangi, naangalia nati. Nazunguka gari yote nimechuchumaa, naangalia wapi kuna bolti ya kiwandani, wapi kuna bolti ya duka la vifaa vya ujenzi, wapi fundi alichoka akachomelea tu akamaliza. Injini ikifa inafufuka, spea zake bado zinapatikana, ila gari ambayo kila sehemu ya bolti imechomelewa inakula muda na hela mpaka mwenyewe anakata tamaa, na nimeona gari nzuri kabisa zimeuzwa kwa kilo kama skrepa kwa sababu hiyo tu.

Mi niko Arusha upande wa Sakina, kazi nafanyia nyuma ya nyumba, na mara moja moja nashuka Moshi kwa mzee mmoja mwenye Peugeot 404 pikapu ambaye hataki hata kusikia habari ya kuiuza. Huku kwetu hizi gari zimebaki kwa sababu zilikuwa na kazi: mashamba ya kahawa, hifadhi, misheni, utalii. Oktoba 2024 Land Rover zilipojaa hapa mjini kwenye lile tamasha watu walikuwa wanapiga picha na mi nilikuwa nainama kuangalia hinji za milango na mabati ya pembeni, na nilifurahi sana kuona ngapi bado zina riveti zake, ila pia niliumia kuona ngapi zimefungwa kwa misumari iliyokunjwa na waya wa nondo.

Msimamo wangu ni huu, na ndo unaongoza vifaa vyote nitakavyoeleza: ukifunga kitu kwenye gari ya zamani funga ukijua kuna mtu atakuja kukifungua. Labda wewe mwenyewe mwakani, labda kijana ambaye leo yuko chekechea. Gari ya miaka sitini imefika hapa kwa sababu ilitengenezwa ifunguke. Ukiifunga isifunguke umeihukumu.

Tuanze na meno ya bolti maana uharibifu mwingi unaanzia hapo. Series One, Land Rover ya kwanza kabisa, ilitoka 1948, Uingereza chuma kilikuwa adimu baada ya vita ndo maana bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu, na meno ya bolti zake ni yale ya Kiingereza ya zamani, BSF na BSW, afu skrubu ndogondogo za umeme ni BA. Series Two ikaja 1958, Two A 1961, Series Three 1971 ikaenda mpaka 1985, na humo njiani wakawa wanahamia UNF, mfumo mwingine wa meno ya inchi, mbele zaidi vitu vya milimita navyo vikaanza kuingia. Sasa weka juu yake miaka yote ambayo gari imekuwa ikibadilishiwa giaboksi na difu kutoka gari nyingine, unakuta gari moja ina koo tatu nne za meno.

Kwa macho huzitofautishi. Bolti ya robo inchi ya BSF ina meno 26 kwa inchi moja, ya UNF ina 28. Ya 5/16 BSF ina 22, UNF ina 24. Halafu yale ya Kiingereza ya zamani jino lina pembe ya digrii 55 na UNF pamoja na milimita ni digrii 60, kwa hiyo hata pale hesabu inapokaribiana jino halikai sawasawa kwenye mwenzake. Kinachoua zaidi hapa mtaani ni bolti ya milimita nane, ile ya spana 13, kuingizwa kwenye tundu la 5/16 UNF. Unene ni ule ule karibu, 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo inaingia mizunguko miwili bila shida afu inakaza. Fundi anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana, bolti inaingia kweli, ila inaingia kwa kukata. Ile ya milimita inapanda 1.25 kila mzunguko, tundu linataka 1.06 hivi. Siku ukifungua inatoka na unga wa chuma na tundu limekufa.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kabisa ambacho namwambia kila kijana anayekuja kujifunza akitengeneze ni kibao cha nati. Chukua kipande cha flati bar, tafuta nati safi za kila aina, BSF, UNF, UNC (ndugu yake UNF mwenye meno makubwa zaidi), milimita, zichomelee kwa mstari kutoka ndogo kwenda kubwa na uandike kila moja kwa panchi. Ukichomelea weka bolti yake ndani ya nati na uguse pembeni kidogo tu, ukikaza moto nati inapinda na kibao kinakudanganya. Pembeni ya kibao funga kwa waya bolti za aina hizo hizo, za kujaribia matundu. Ukitoa bolti kwenye gari unaijaribu kwa vidole, sio kwa spana, ikitembea mpaka mwisho kwa vidole ndo yenyewe. Kama huna nati ya kulinganishia pakaza grisi chafu kwenye meno, bonyeza karatasi nyeupe juu yake, mistari inajichora, afu weka rula uhesabu mistari ndani ya milimita 25.4. Hiyo hesabu ndo meno kwa inchi. Ni kitu cha dakika mbili na kimeokoa matundu mengi.

Na spana nazo. Spana za Whitworth, zile za bolti za BSW na BSF, zimeandikwa unene wa bolti sio upana wa kichwa, kwa hiyo spana iliyoandikwa 1/4 W mdomo wake ni kama milimita 13.3. Kichwa cha spana ya nusu inchi ni milimita 12.7, ndo maana spana 13 inacheza juu yake na kula kona. Seti nzima ya Whitworth ukiipata kwa wale wanaouza vyuma vya zamani nunua bila kufikiria mara mbili.

Meno yakiwa yamejaa kutu au rangi usikimbilie tepu, kile chombo cha kukatia meno ndani ya tundu. Tepu inakata, na kwenye gari ya zamani hutaki kukata tena chuma ambacho kimebaki kidogo, unataka kusafisha. Mi natengeneza cha kusafishia kutokana na bolti ya aina ile ile. Tafuta bolti ngumu, ya milimita utaiona imeandikwa 8.8 kichwani, ya inchi utaona mistari, mitatu au sita. Ifunge kwenye jiliwa, chukua grenda yenye diski nyembamba ya milimita moja, chana mifereji mitatu kwa urefu kuanzia nchani, iwe na kina cha kupita meno kidogo. Ncha uisage iwe nyembamba kidogo ili ianze vizuri. Baada ya hapo ndo kazi yenyewe ambayo wengi wanairuka: kila jino pale lilipochanwa lina makali yaliyopinda kwenda nje, sasa chukua tupa ndogo ya pembe tatu upite jino moja moja uondoe hayo makali, ukiyaacha yatakwaruza tundu badala ya kulisafisha. Pakaza grisi, izungushe nusu mzunguko mbele robo nyuma, nusu mbele robo nyuma, uchafu unaingia kwenye ile mifereji. Ukihisi inakaza itoe, futa, pakaza tena. Kwa upande wa bolti yenyewe au stadi, ile bolti isiyo na kichwa, unafanya kinyume, unachukua nati nzuri unaichana upande mmoja mpaka ipasuke, unaivisha kwenye stadi chini kule ambako meno ni mazima, unaibana na vaisi gripu taratibu huku unaizungusha kuja juu. Inakuja inanyoosha meno yaliyolala.

Kufungua kilichogoma: moto na mshumaa. Pasha nati, sio bolti, nati ikitanuka kidogo gusa mshumaa pale inapokutana na meno, nta inayeyuka inafyonzwa ndani, ngoja ipoe kidogo ujaribu, kaza kidogo kwanza ndo ulegeze. Kwenye Series kumbuka kwa nyingi tanki la mafuta liko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo kabla ya moto wowote maeneo yale tanki linatoka nje ya gari, halafu sio liko pembeni hapo, linapelekwa mbali. Stadi ikivunjikia ndani ya aluminiamu weka nati juu ya kipande kilichobaki uchomelee kwa ndani ya nati, moto wa kuchomelea haushiki aluminiamu ila unashika stadi, na ikipoa kutoka ule wekundu inajikunja inaachia. Naizungusha ikiwa bado ya moto ila sio nyekundu tena.

Sasa aluminiamu. Hili ndo somo kubwa la Land Rover na watu wanadhani kwa sababu bodi haishiki kutu basi haina shida. Aluminiamu ikigusana na chuma na pakiwa na maji kidogo, aluminiamu ndo inaliwa. Utaona unga mweupe pembeni ya bolti, rangi imevimba, ukikwangua bati limekuwa jepesi kama karatasi. Huku kwetu masika tope linakaa mwezi mzima kwenye pindo za chini, kule bati la pembeni linakofungwa na vyuma vya chesisi, na hapo ndo panaisha kwanza.

Dawa ni kutenganisha. Wengi wanatumia mpira wa tyubu, wanakata vipande wanaweka katikati. Mi nimeacha, tyubu inashika maji chini yake na baada ya muda inakuwa kama sponji, halafu inajibana na kulegea kwa hiyo bolti haibaki na mkazo wake. Natumia plastiki ngumu ya madumu ya mafuta ya kula. Cha kukatia washa za plastiki ni kipande cha bomba la chuma, unanoa mdomo kwa nje na grenda mpaka uwe na makali, unaweka dumu juu ya gogo la mti, unagonga nyundo mara moja. Tengeneza bomba mbili, dogo la tundu na kubwa la duara la nje, anza na dogo. Jioni moja unakata washa za gari nzima. Kwenye bolti yenyewe pakaza rangi yenye zinki au grisi nyingi kabla ya kuiingiza, na upande wa chuma piga praima pale pote panapogusana, hata kama hapaonekani, hasa kama hapaonekani.

Riveti nazipenda kuliko vitu vyote kwenye hizi gari, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kiwandani walitumia riveti nzima za aluminiamu sehemu nyingi, zile zenye kichwa cha duara ambazo zinapigwa, sio za kuvuta na bunduki. Mtaani zote zinabadilishwa kwa zile za kuvuta kwa sababu ni rahisi na bunduki yake ipo kila duka. Sizikatai, sehemu usiyofikia kwa nyuma hamna namna. Ila nyingi ule msumari wa katikati ni wa chuma, kipande chake kinabaki ndani ya riveti, kinashika kutu, na baada ya mvua mbili tatu unaona mstari wa kahawia unashuka kwenye rangi mpya. Halafu katikati zina tundu, maji yanapita. Kama lazima utumie za kuvuta basi tafuta ambazo ni aluminiamu yote na zile zilizozibwa mwisho.

Kupiga riveti nzima kunahitaji vitu viwili, cha kupigia chenye kikombe na cha kukinga. Vyote nimetengeneza kutoka nusu ekseli ya zamani, kile chuma ni kigumu na mafundi skrepa wa mtaa wa Unga Limited hawakosi vipande. Cha kukinga ni kipande tu cha ekseli, kizito, ambacho mwenzako anakishikilia upande wa pili wa riveti, kizito maana kikiwa chepesi kinaruka na nguvu yote ya nyundo inapotea. Cha kupigia ndo kina kazi. Kata kipande cha urefu wa kiganja, nyoosha mwisho wake mpaka uwe bapa kabisa, pasha mpaka wekundu wa kung'aa, kisimamishe, weka gololi ya beringi yenye ukubwa unaokaribiana na kichwa cha riveti, na gonga kwa nyundo nzito pigo moja la uhakika, vaa miwani. Gololi inaacha kikombe kisafi chenye mng'ao ambao huwezi kuupata kwa keekee. Kirudishe motoni mpaka wekundu, kitumbukize kwenye oili chafu ya injini kiwe kigumu, kipashe tena kidogo kwenye moto mdogo mpaka rangi ya majani makavu itokee, hapo hakivunjiki.

Riveti inabidi itokeze kiasi gani? Mara moja na nusu ya unene wake. Riveti ya milimita 4.8 itokeze saba na kidogo. Ikiwa ndefu inalala pembeni, ikiwa fupi kichwa kinakuwa kidogo na makali ya kikombe yanachora bati. Kabla ya kupiga hata moja bati lote liwe limeshikwa, na hapa natumia bolti ndogo zenye nati za masikio, moja kila baada ya matundu mawili, unatoa moja unapiga riveti unahamia nyingine, unaanzia katikati unaenda pembeni. Ukianzia upande mmoja bati linasukumwa linatanuka, ukifika mwisho matundu hayaonani, utayapanua kwa biti, na tundu lililopanuliwa riveti haijazi. Sehemu nyembamba ambayo nyundo haifiki nimechukua klampu ya herufi G nikachimba kikombe kwenye mguu mmoja na mwingine nikaacha bapa, unaikaza kwa spana na riveti inabanwa kimya kimya bila kupigwa. Polepole ila kichwa kinatoka kizuri mno.

Kutoa ya zamani piga senta panchi katikati ya kichwa, biti ya unene ule ule wa riveti, toboa kichwa tu usizame, kichwa kikianza kuzunguka na biti acha, kiondoe kwa tindo halafu mwili wake usukume na panchi. Tundu linabaki na ukubwa wake wa kiwandani.

Na bati likiwa limekunjika na limekuwa gumu pale pa kufungia, usiligonge hivyo hivyo litapasuka. Aluminiamu inalainishwa kwa moto lakini haibadiliki rangi ikipata joto, inakuwa vile vile tu mpaka inadondoka, inayeyuka kwenye 660 hivi na hii ya Land Rover ambayo imechanganywa na magnesi inaanza kulegea kabla ya hapo. Njia ya zamani ni sabuni. Sabuni ya mche, pakaza kavu kwenye bati, pitisha moto laini ukitembeza bila kusimama sehemu moja, sabuni inageuka kahawia afu nyeusi. Ikigeuka nyeusi toa moto. Acha ipoe, osha, sasa ligonge taratibu na nyundo ya mbao, linaenda unavyotaka. Namshukuru sana mzee aliyenionyesha hilo, alikuwa fundi bodi wa mabasi.

Kuna sehemu ambazo mkono haufiki nyuma, ndani ya chesisi au nguzo ya mlango, na nati ya ndani imekatika inazunguka tu. Hapa ndo fundi wengi wanachomelea nje basi. Mi nachukua kibati cha urefu wa kidole, natoboa, nachomelea nati juu yake, kwenye mwisho nafunga waya mwembamba wa breki ya baiskeli. Nakiingiza kwa tundu lolote la karibu, nakivuta na waya mpaka nati ione tundu lake, naingiza bolti, waya naukata. Kibati kinakuwa kirefu kiasi cha kutozunguka. Kwenye bati jembamba kuna zile nati za kubana kama riveti, chombo chake ni ghali ila ni bolti ndefu ngumu, nati moja ndefu, na beringi ndogo bapa katikati yake yenye grisi: shika bolti kwa spana moja, zungusha nati kwa nyingine, inavuta inabana.

Nati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ya Series inataka spana ya milimita 52. Kama huna, chukua bomba zito ambalo linakaribia kuvaa nati, lipashe jekundu mdomo wake, livishe kwenye nati chakavu iliyofungwa kwenye jiliwa na uligonge pande sita mpaka lishike umbo. Toboa juu upitishe nondo. Basi. Watu wanazifungua hizo nati kwa tindo, mi siwezi kuvumilia kuona, na ile washa ya kukunja iliyoko pale inabidi iwe mpya na ikunjwe kweli kweli juu ya bapa la nati.

Suala la mkazo. Spana ya kupimia mkazo nzuri ni hela, na za bei rahisi sizitumaini. Mi nina bomba la urefu wa mita moja kamili kutoka katikati ya soketi mpaka kwenye alama niliyochora, na mizani ya kuning'iniza, ile ya springi ya kupimia magunia. Ndoana ya mizani inakaa kwenye alama, navuta kwa usawa wa ardhi na kwa pembe mraba na bomba. Kilo moja kwenye mita moja ni Nm 9.8, yaani nyutoni mita, kipimo cha mkazo kwenye vitabu vya gari. Kama kitabu cha gari kinasema Nm 90 basi navuta mpaka kilo 9 na robo hivi nasimama. Usivute kwenda chini maana uzito wa bomba lenyewe unaongezeka na mizani haiuoni. Meno yawe safi, na kama kitabu kinasema kavu iwe kavu, grisi inapunguza msuguano na mkazo halisi unazidi ulichopima.

Kwa yule mzee wa Moshi kwenye 404, ambayo yenyewe ni milimita tupu kwa hiyo raha, nilimwekea nati za brasi kwenye manifodi ya ekzosti. Fundi wa kukereza alizitoa kwenye koki za bomba za zamani. Akaniuliza, "Mwanangu, si uweke za chuma zikaze vizuri?" Nikamwambia, "Mzee wangu, za chuma zinaoana na stadi kwa moto, siku tukitaka gasketi tutavunja stadi, hizi za brasi zitatoka zenyewe." Akafikiri, akasema basi weka, maana ile gari anaipenda sana, anakumbuka 404 zilivyokuwa zinashinda Safari Rally 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na 1963 kabla ya hapo. Sehemu za joto kama hizo usiweke nati zenye nailoni, nailoni inalegea.

Barabara zetu zinafungua nati kuliko kitu chochote. Peleka gari njia ya Engaresero siku moja, ukirudi kuna kitu kimelegea. Springi washa haitoshi peke yake sehemu zinazotetemeka sana. Yu-bolti za springi zikazwe gari ikiwa imekalia matairi yake na sio kwenye jeki, na baada ya safari fupi ya kwanza zirudiwe kukazwa, zote nne kila upande.

Na kuna mpaka ambao sivuki. Vifaa vya kufungulia na kufungia natengeneza mwenyewe, ila bolti za usukani, breki, habu na springi sitengenezi na sikubali za kutengeneza. Yu-bolti ya kukunja nondo hapana, ile nondo haijulikani nguvu yake na meno yake yamekatwa kwenye chuma laini. Fimbo ndefu yenye meno inayouzwa hadwea nayo ni laini. Kota pini, ile ya kukunja inayozuia nati isijifungue, ni kota pini, sio msumari, msumari unakatika kimya na nati ya usukani inaanza safari yake. Mteja akiniambia nimalizie tu hivyo hivyo namwambia gari haitoki.

Kinachonisumbua siku hizi ni BA, zile skrubu za swichi na saa za dashibodi. Namba 2 ya BA unene wake ni milimita 4.7 na watu wanailazimishia ya milimita tano, inapasua plastiki ya zamani ambayo haipatikani tena. Nilipozipata ni kwenye vyombo vya umeme vya Kiingereza vya zamani, mita, redio, mabodi ya swichi, kwa hiyo nikipita kwa watu wa skrepa siulizi tena vitu vya gari, naomba nifunguliwe masanduku ya umeme, natoa skrubu moja moja na bisbisi inayojaa kwenye mfereji wake, naziweka kwenye kopo lake peke yake.